Soko lilipofungwa, uvumi ulibaki na uwanja wote

Kasulu, Kibondo na Kakonko, wilaya za mkoa wa Kigoma zilizopokea wakimbizi kutoka Burundi, mbuzi akipotea usiku, kesi yake huwa imeshahukumiwa kabla jua halijapanda. Hakuna aliyeona kitu, mgambo hajaitwa, nyayo hazijafuatwa, lakini kijiweni jina limeshatajwa: Warundi. Baiskeli ikiibwa, Warundi. Mihogo ikichimbwa shambani na mtu asiyejulikana, Warundi. Shuleni, mtoto aliyekuja na sare iliyochanika, au anayetamka Kiswahili kwa lafudhi ya nyumbani kwao, huitwa Mrundi na wenzake wakaangua kicheko, na mwalimu akaliacha lipite kwa kuwa anaona ni utani wa watoto.

Ubaguzi wa namna hii hauna mabango wala maandamano. Unakaa kwenye sentensi fupi inayosemwa huku mtu anakunywa kahawa, na kwa kuwa ni mdogo mdogo, wengi wetu tunaona vigumu kuuita kwa jina lake. Tumezoea kudhani ubaguzi ni mambo ya Mzungu na mtu mweusi, na hapa anayebaguliwa na anayebagua wanafanana sura, majina, hata lugha, maana Kiha cha wenyeji wa Kigoma na Kirundi vinasikilizana. Lakini anayenyimwa kazi, anayesingiziwa wizi au anayechekwa darasani kwa sababu ya alikotoka haumii kidogo kwa kuwa rangi yake ni sawa na ya anayemcheka.

Ninachoamini ni hiki: uvumi dhidi ya wakimbizi mkoani Kigoma haukuzaliwa na roho mbaya ya watu wa Kigoma. Ulikuzwa na utaratibu wa kuwatenga wakimbizi na wenyeji, na utaendelea kukua hata tukifanya semina mia za amani, mpaka watu warudishiwe mahali pa kukutana.

Tanzania iliwahi kushika njia nyingine. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Walipewa ardhi na zana za kulimia. Baada ya miaka michache walikuwa wanajilisha wenyewe, wanauza ziada, wanalipa kodi. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983, heshima ya Umoja wa Mataifa kwa wanaohudumia wakimbizi, na mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo walipata uraia wa Tanzania. Haikuwa pepo. Walihitaji kibali kutoka nje ya makazi, na kabla ya kupewa vyeti waliwekewa sharti la kuhama na kutawanywa mikoani, sharti ambalo baadaye liliachwa baada ya kuwaweka roho juu kwa miaka. Hata hivyo mtu wa Mpanda alimjua mkimbizi wa Katumba kwa tumbaku na mahindi yake, kwa deni alilomkopesha, kwa mechi ya Jumapili. Alikuwa mtu mwenye jina.

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993 na Warundi wakavuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliingia Ngara mkoani Kagera kupitia daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja. Wilaya yoyote duniani ingetikisika. Serikali ilifunga mpaka na Burundi mwaka 1995, mwishoni mwa 1996 ikawarudisha Wanyarwanda karibu nusu milioni, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikathibitisha utaratibu mpya: mkimbizi akae kwenye eneo alilotengewa, na akitoka bila kibali ametenda kosa. Jembe liliondoka mkononi mwake, akawekewa foleni ya mgao.

Kwa hiyo Warundi walipoanza kukimbia tena mwaka 2015, baada ya Rais wao Pierre Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu, hawakupokewa kwa mfumo wa Katumba. Walipelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, kisha Nduta na Mtendeli. Tangu Januari 2017 hata kuitwa mkimbizi hakukuja moja kwa moja tena: kila Mrundi alitakiwa kuhojiwa mmoja mmoja, na aliyekuwa anasubiri jibu alikuwa mwomba hifadhi tu. Kijijini tofauti hiyo hakuna anayeijua. Wote ni wakimbizi, na wote, husemwa, wanalishwa bure.

Hilo la kulishwa bure nataka nikae nalo, maana ndiyo hadithi inayodumu kuliko zote, na waliokuja kutoa elimu mara nyingi wameipita juu juu. Jiweke mahali pa mama wa kijiji kilicho kando ya barabara ya kwenda Nyarugusu. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Malori yamebeba unga, maharage na mafuta yanapita mbele ya nyumba yake. Magari meupe ya mashirika yanapita, vioo vimepandishwa. Yeye zahanati yake haina dawa, na mwanawe amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa mchango. Kisha siku ya soko anamkuta mwanamke kutoka kambini anauza mafuta yenye nembo ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Anahitimisha kama ambavyo yeyote angehitimisha: wanapewa mpaka wanasaza.

Alichokiona ni kweli. Kuwa wanasaza, si kweli. Mgao kamili unakadiriwa kumpa mtu kalori 2,100 kwa siku, na umekatwa mara nyingi kwa sababu wafadhili hawakutoa fedha. Mwaka 2023 ulishushwa hadi nusu. Ndani ya mgao huo hamna dagaa, hamna nyanya, hamna mboga ya majani, hamna daftari la mtoto, hamna kuni. Mwanamke yule anauza sehemu ya mafuta ili anunue vitu hivyo, na mara nyingi anauza kwa bei ya kutupa kwa sababu mnunuzi anajua hana pa kwenda. Analala na njaa zaidi ili sufuria ipate ladha na mtoto apate kalamu. Mwanamke wa kijijini angelielewa hili kwa dakika tano, kwa sababu yeye mwenyewe huuza mahindi aliyoyahitaji ili alipe mchango wa shule. Hakuna wa kumweleza. Kutoka shirikani alipata mkutano wa hadhara wenye maspika makubwa na fulana, akaambiwa awapende wageni.

Ukweli wa mama huyu usipojibiwa, hakuna takwimu itakayoingia masikioni mwake. Naye ana hoja. Watafiti waliofuatilia kaya za Kagera kwa miaka mingi, kuanzia 1991 kabla ya wakimbizi hadi miaka ya 2000, waligundua kwamba kwa jumla maisha karibu na zilipokuwa kambi yaliboreka na yakabaki yameboreka hata wakimbizi walipoondoka, hasa kwa sababu ya barabara zilizojengwa. Lakini waligundua pia kwamba faida haikumfikia kila mtu sawa. Mkulima mwenye shamba alipata wateja na nguvu kazi ya bei ya chini. Kibarua wa mashambani, asiye na kitu isipokuwa mikono yake, alishindanishwa na maelfu waliokuwa tayari kulima kwa ujira mdogo kuliko wake. Anayemwambia kibarua huyo kwamba wakimbizi wamemnufaisha anamdanganya, naye anajua, na tangu hapo hatasikiliza lingine. Ndiyo maana nasema elimu kwa umma inayoanza na neno "faida" bila kutaja nani alipata hasara inaujenga uvumi ilhali ilikuja kuubomoa.

Hadithi ya pili ni ya ugonjwa. Mei 2015, makumi ya maelfu ya Warundi walikwama Kagunga, kijiji kidogo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kilichobanwa kati ya maji na milima mikali. Hakukuwa na vyoo vya kutosha wala maji salama. Walikunywa maji ya ziwa lilelile waliloogea. Kipindupindu kililipuka, watu zaidi ya 30 wakafariki, Watanzania wawili wakiwemo, huku meli kongwe ya Mv Liemba ikiwasomba mamia kwa mamia kuwapeleka Kigoma mjini. Tangu hapo zipo nyumba ambazo Mrundi akiomba maji hupewa kikombe cha peke yake. Lakini mwezi Agosti mwaka huohuo kipindupindu kililipuka Dar es Salaam kisha kikasambaa mikoa mingi, na sikusikia mtu wa Kinondoni akitengewa kikombe. Wote tulijua kwamba tatizo ni maji na mitaro. Kwa Mrundi tu ndipo ugonjwa ulipohamishwa kutoka kwenye maji ukawekwa kwenye damu yake.

Kuhusu ujambazi nitasema kwa kifupi. Miaka ya mwishoni mwa 1990 na mwanzoni mwa 2000, mabasi ya Kigoma yaliyokuwa yakipita Kibondo na Nyakanazi yalisindikizwa na askari wenye bunduki, na silaha zilizotumika kuteka watu zilivuka mpaka kutoka kwenye vita vya Burundi na Kongo. Waliopoteza ndugu kwenye mabasi yale hawakuota ndoto. Lakini bunduki haifiki porini na kujificha bila mwenyeji wa kuonyesha njia, kupokea mali na kuiuza, na waliokuwa wakiishi kambini nao waliporwa na kuuawa na watu haohao. Anayesema "ni wao" anawasaidia majambazi wa pande zote mbili kwa kuwafichia washirika.

Sasa nirudi sokoni, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika upya. Kandokando ya kambi hizi yalikuwepo masoko ya pamoja. Siku ya soko ungewakuta wanawake wa Kiha wameshusha ndizi, mihogo na chupa za mawese, karibu nao Mrundi amepanga vipande vya sabuni vilivyokatwa kwa uzi, Mkongomani ametandika vitenge, fundi baiskeli kutoka kambini anatengeneza gurudumu la mwenyeji kwa bei ambayo mjini huipati. Mabishano ya bei yalikwenda kwa Kiha na Kirundi vikichanganyika, na asiyekuwa na fedha alikopeshwa mpaka soko lijalo. Kukopesha ndiyo kipimo changu. Humkopeshi mtu usiyemjua jina, na ukishamkopesha unalazimika kumjua: anakaa kijiji gani kambini, mkewe nani, akiumwa unasikia, akirudi kwao unamtafuta.

Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwashughulikia wakimbizi, ikitaja usalama na uhaba wa fedha, na kuanzia mwaka huo masoko ya pamoja yakaanza kubanwa, kisha kufungwa. Mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula ulikuwa umeshasimamishwa mwaka uliotangulia. Sababu zilizotolewa zilikuwa za usalama. Nakubali kwamba serikali ina haki na wajibu wa kulinda mpaka. Lakini angalia kilichotokea kijijini. Mwenyeji alipoteza mteja. Mkimbizi alipoteza kipato, na asiye na kipato huingia msituni kutafuta kuni au shambani kutafuta kibarua bila kibali. Kwa hiyo mara ya kwanza wawili hawa wanapokutana sasa, wanakutana gizani, kwenye shamba la mtu, mmoja ameshika panga na mwingine mzigo wa kuni. Wanawake wa kambini wamepigwa na kubakwa wakitafuta kuni. Wenye mashamba wamekuta miti yao imekatwa. Kila upande unarudi nyumbani na hadithi moja mbaya na hauna hadithi njema ya kuipinga, kwa kuwa zile za sokoni zimeisha. Watoto walioanza shule baada ya 2018 wanakua bila hata moja.

Ipo pia tabia inayosimuliwa sana mkoani kwetu, nami naitaja kwa uchungu. Mwenye shamba anachukua vibarua wa Kirundi, anawalimisha, wanamaliza palizi, na siku ya malipo inapokaribia anapiga simu kwamba kuna wahamiaji haramu shambani kwake. Wanakamatwa, yeye amebaki na shamba safi na fedha yake. Si wenye mashamba wote, wala si wengi. Lakini kijiji kinajua nani anafanya hivyo, na kinanyamaza, kwa sababu aliyedhulumiwa ameshapewa jina linalofanya dhuluma ionekane ndogo. Hapo ndipo unapoona kazi halisi ya maneno ya kijiweni: yanaandaa mtu wa kudhulumiwa.

Wala maneno hayo hayaishii kwa mgeni. Muha wa Kasulu, aliyezaliwa Kasulu, ambaye babu yake amezikwa Kasulu, akisafiri kwenda Tabora au Dar es Salaam huulizwa njiani uraia wake kwa namna ambayo Msukuma au Mchaga haulizwi. Anaambiwa ataje jina la mwalimu wake wa shule ya msingi, ataje mwenyekiti wa kitongoji chake, aeleze kwa nini anatamka hivyo. Kupata kitambulisho cha taifa huchukua maswali na safari ambazo wa mikoa ya kati hawazijui. Wabunge wa Kigoma wamelilalamikia jambo hili bungeni mara nyingi. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga iliyowaondoa wahamiaji haramu Kagera na mikoa jirani, waliondolewa pia watu waliokuwa wameishi nchini miongo kadhaa, na wengine waliodai ni Watanzania wa kuzaliwa. Familia zilikatika katikati, mke akabaki huku na mume akavushwa. Sisi tuliomfundisha mtoto kucheka neno Mrundi tulilinoa neno ambalo askari wa kizuizi cha barabarani analitumia kumkata mtoto huyohuyo.

Wasomaji wangu walioko Ulaya wanalijua hili kwa ngozi yao. Tarehe 29 Julai 2024 wasichana watatu waliuawa kwa kisu Southport, Uingereza, na ndani ya saa chache ikasambazwa habari kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyeingia kwa boti. Ilikuwa uongo: kijana yule alizaliwa Cardiff, kwa wazazi waliotoka Rwanda. Uongo ulipokanushwa fujo ziliendelea, na tarehe 4 Agosti umati ulijaribu kuchoma hoteli walimokuwa wamewekwa waomba hifadhi karibu na Rotherham, watu wakiwa ndani. Wanaozungumza Kiswahili mitaani huko siku zile walijifungia majumbani, na waliokuwa nje hawakuulizwa waliingia kwa viza au kwa boti. Tulilaani, na tulilaani kwa haki. Nataka tulaani na ya Kibondo kwa sauti ileile.

Na sisi wa Maziwa Makuu hatuna udhuru wa kusema hatukujua maneno yanafikisha wapi. Redio iliyowaita Watutsi mende ilisikika Kigali mwaka 1994, lakini hukumu yake ilisomwa Arusha, kwetu, tarehe 3 Desemba 2003, pale mahakama ya kimataifa ilipowatia hatiani wawili kati ya waasisi wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 1995, mauaji yakiwa bado mabichi, Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Redio Kwizera huko Ngara, iwasemeshe wakimbizi na wenyeji kwa pamoja: chanjo, maji, ndugu waliopotezana, bei za mazao. Hapakuwa na siri. Habari ilitoka mahali watu walipo, kwa lugha zao, siku ileile, na waliosikiliza waliweza kwenda kuihakiki kwa miguu.

Hilo ndilo linalokosekana kwenye makundi ya WhatsApp ya leo. Ujumbe wa sauti unaingia saa tatu usiku, mtu anahema kana kwamba amekimbia, anasema wakimbizi wametoroka kambini na wanaingia majumbani, tahadharini, tuma kwa wote. Hakuna jina la kijiji. Hakuna tarehe. Sauti haijulikani ya nani. Kesho yake mchana ofisi inatoa taarifa ya maandishi yenye muhuri, imepigwa picha vibaya, imejaa maneno ya kiofisi. Nani ataisoma? Mtendaji wa kijiji mwenye simu angeweza kujibu usiku uleule kwa sauti yake, ambayo wanakijiji wanaifahamu: nimempigia mkuu wa kambi, nimempigia mwenyekiti wa kitongoji cha karibu na geti, hakuna jambo kama hilo, laleni. Sekunde ishirini. Na kama kweli kuna tukio, aseme lipo, limetokea wapi, polisi wamefika. Anayekanusha kila kitu huacha kuaminiwa hata anaposema kweli.

Kijiweni nako kuna namna ya kusema. Nimeshawaona vijana wenye nia njema wakisimama kuwahutubia wazee kuhusu haki za binadamu, na wazee wakawasikiliza kwa adabu, wakanywa kahawa yao, wakaendelea. Swali huzaa zaidi kuliko hotuba. Mzee, mbuzi ni wa nani? Alifungwa wapi? Nani alikuwa wa mwisho kumwona? Umemwona wewe au umeambiwa? Maswali ya kawaida, ambayo yangeulizwa kama anayeshukiwa ni mtoto wa jirani. Mara nyingi kufikia swali la tatu yule aliyesema "Warundi" anasema "ndivyo wanavyosema", na wote pale wamesikia. Hujamwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake, na umeirudisha kesi mahali pake, kwa mgambo na nyayo. Walimu nao wanalo jukumu dogo lililo wazi kabisa: neno Mrundi likitumika kama tusi darasani, somo lisimame. Mwalimu asipolikemea, darasa zima limejifunza kwamba linaruhusiwa.

Lakini narudia, yote haya bila soko ni kupaka dawa juu ya kidonda ambacho kila siku kinakwanguliwa upya. Najua jibu litakalotolewa: kambi zinafungwa, Warundi wanarejeshwa kwao, ya nini kufungua masoko leo? Mtendeli imefungwa tangu 2021, ni kweli, na shinikizo la kurejea ni kubwa. Lakini Wakongomani wa Nyarugusu walikuja 1996 na wengi wao wapo mpaka leo pamoja na wajukuu zao, Kivu Kusini huko Kongo haijatulia, na mpaka wetu na Burundi ni mrefu na una ndugu pande zote. Hata Mrundi wa mwisho akiondoka, Muha atabaki kwenye kizuizi cha barabarani akiulizwa jina la mwalimu wake.

Jibu jingine litakuwa la usalama, nalo linastahili kujibiwa kwa uzito. Soko la wazi mchana lina askari, lina mashahidi, lina watu wanaofahamiana. Msitu wa kuni usiku hauna hata kimoja. Kama serikali inaamini masoko yalileta uhalifu, imani hiyo inaweza kupimwa. Madiwani wa Kasulu wapeleke kwa mkuu wa wilaya ombi moja tu: Nyarugusu ifunguliwe soko la pamoja siku moja kwa wiki, kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri, wanaotoka waandikwe getini, kwa miezi sita. Baada ya hapo, idadi ya kesi za wizi, za mashamba na za kuni zilizoandikishwa polisi katika miezi hiyo isomwe kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na idadi ya miezi sita iliyotangulia, wenyeji na viongozi wa kambi wakiwa wameketi pamoja.